Mkono Chini ya Shuka

Mama, shikamoo. Nakubusu mkono kutoka Mombasa.

Jana sisi wauza mbata, nazi kavu, wa Tanga, Mombasa na Lamu tulipanga kukutana hapa Kibokoni tuafikiane bei moja, tuache kuangushana. Chombo cha Athmani wa Lamu kilichelewa, nikabaki na mwenyeji wangu, Bwana Saidi. Tukafunika mikono kwa shuka, tupatane kwa vidole kama desturi yetu. Mkono wa Saidi ulikuwa na joto. Mara mkono mwingine ukanishika, wa baridi, umelowa chepechepe, ukabana vidole vyangu kukubali bei.

Saidi akaninong'oneza, "Na wewe umeshikwa?"

Tulipofunua shuka, tulikuwa wawili tu.

Chombo hakijafika hata leo. Mwombee Athmani. Nikirudi nitakuamkia kwa mbali, mama. Mkono wangu bado haujakauka.