Mfereji wa Kikula Hauna Mchawi

Shemeji Ilunga,

Kwa masikitiko makubwa, na baada ya kushauriana na wakubwa wote wa nyumba, nakutangazia kwamba paka wetu ameacha kazi. Siku hizi anawapisha panya mlangoni kama karani anayempisha mkurugenzi. Simlaumu. Hata mimi, bwana wa dada yako, na kitambi changu chote cha heshima, juzi panya mmoja alinipandisha juu ya kiti. Ungekuwepo ungeucheka woga wangu, useme, "Shemeji, weye iko na boga sana!"

Tangu uondoke, takataka hazizolewi tena. Baada ya ule uporaji wa maduka ya mjini, watu wa mtaa wetu wa Kikula wanaficha unga wa mahindi chini ya kitanda, na panya wameufuata huko huko. Tunalala nao kama jamaa. Nilipopita nikiita watu kwenye salongo, kazi ya pamoja, tuzibue mfereji, walinicheka: "Papa, salongo ilikuwa amri ya Parti! Sasa ni demokrasia, vyama ni vingi!" Kana kwamba panya naye anangoja uchaguzi.

Lakini hilo si kitu. Kwenye chumba cha maombi, lile kanisa dogo la mtaani, walitangaza kwamba mama yako ndiye aliyekuloga. Mama yako, shemeji! Vijana wakaja kumfukuza mtaani. Nilisimama mlangoni na chepe mkononi, nikawaambia, "Mutapita juu yangu kwanza, na munaona vile niko munene." Wakarudi walikotoka.

Sasa anakaa kwetu. Unajua mila zetu: mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Basi kila Jumamosi tunazibua mfereji tumepeana migongo, yeye na jembe, mimi na chepe, maneno yakipitia kwa dada yako: "Mwambie bwana wako avae buti." Unga tumeutia kwenye pipa la chuma lenye kifuniko. Jumamosi iliyopita jirani yetu, yule aliyecheka kuliko wote, alitoka na reki. Nikasogea kumpa nafasi.

Kwaheri, shemeji wangu. Lala bila wasiwasi. Mama haendi popote, na yeyote atakayeuliza, hata akiuliza kwa ubaya, nitamwambia kilichotokea:

Mvua ilijaza mfereji, maji yakaingia chumbani mwako. Uliingia kuyatoa miguu mitupu, na kidonda kisiginoni. Maji yale yalikuwa na mkojo wa panya. Ikaja homa, miguu ikauma, macho yakawa manjano. Tulikupeleka zahanati, na muuguzi alitueleza wazi: ugonjwa huu hutoka kwa panya, huingilia kwenye kidonda, na dawa yake ipo. Akafungua kabati la dawa. Lilikuwa tupu. Tulikurudisha nyumbani, ukafa alfajiri. Hakuna aliyekuloga. Mama yako alikuwa amekupakata kichwa, akikupepea.