Mgeni wa Mama

Mutanga Sud, Bujumbura
16 Julai 2003

Mpendwa kaka Gélase,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za huko Tabora? Kile kifua chako kimepona, au bado unakohoa na kujidai mzima? Wifi Perpétue na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, mi na mume wangu Sébastien na watoto, ila usingizi umetuhama.

Najua redio imeshakuambia. Wiki jana mabomu yalianguka upande wa kusini, na kule nyumbani Kinanira watu walihama na magodoro kichwani. Mama akakataa. Kisa? Ile sanamu ya Bikira Maria ya jumuiya, inayokaa wiki moja moja kwa kila nyumba, ilikuwa kwake. Nilimpata kwa simu ya Asiya, mke wa yule fundi magari jirani yetu. Nikamlilia. Akanijibu, "Apana, Geneviève. Mutu hakimbii akaacha mugeni ndani. Mungu anatulinda." Akakata.

Kaka, nilikasirika! Nilimkasirikia Mama, na Mungu pia, nisikufiche. Sébastien alikwenda kumchukua, wanajeshi wakamrudisha njiani. Nikashika rozari, lakini kila Salamu Maria naikatiza nisikilize bomu limeangukia wapi.

Aliyemuweza Mama ni Asiya. Alikuwa anafunga mizigo yake, akapita kumwambia, "Mama Gélase, we baki kama unataka. Lakini huyu Maryamu amekuja kwako kutembea, unamuweka kwenye risasi? Musindikize kwanza." Hapo Mama akanyanyuka kutafuta kitenge.

Basi akaja kwa miguu mpaka kwangu, sanamu mgongoni ndani ya kitenge kama mtoto mchanga. Kwenye kizuizi askari akamwamuru afungue. Alipoona, akavua kofia, akamsaidia kufunga tena. Mi nilimrukia mlangoni nikilia, naye eti, "Sikukimbia, nimesindikiza mugeni." Mama yetu huyo!

Unadhani nimetulia? Wapi! Tangu jana kumenyamaza, na Léoncie, mwenye zamu inayofuata ya sanamu, amesharudi Kinanira. Mama naye ameshafua kitenge, ampelekee Jumamosi. Nimebishana mpaka sauti imekauka: je, mabomu yakianza tena? Anasema Mungu aliyemleta ndiye atakayemrudisha. Sanamu iko mezani hapa sebuleni, na kila nikipita namtazama kama ananidai kitu.

Msalimie sana wifi, na Espérance na Libère wabusu kwa niaba ya shangazi. Mama anasema ule vizuri na usiache misa. Mungu awafunike nyote.

Jumamosi asubuhi mtuombee. Mama hataki kusikia habari ya kungoja, nami siwezi kumwacha aende peke yake. Naogopa, kaka, hata sasa ninapoandika. Lakini nimemwambia kitenge anipe mi, maana mgongo wake umechoka. Safari hii mgeni nitambeba mi.

Mdogo wako anayekupenda na kukukumbuka kila siku,
Geneviève