Mechi ya Swaleh, Nami Edani

Jumatatu, 6 Mei 1996
Nimeosha kikombe. Nimekiosha tena. Nimekung'uta zulia dirishani hadi jirani wa chini akagonga dari yake. Eda si kazi ngumu, ni kukaa tu, na kukaa ndiko nisikokuweza. Tangu Swaleh wangu afariki, kumi la mwisho la Ramadhani, sijatoka nje ya jengo hili, hapa Ubelgiji, ila kwa daktari. Sina manukato, sina wanja, sina bangili. Hayo siyajali. Ninalolikosa ni jina lake. Baada ya arobaini watu wameacha kulitaja. Wakija kunitazama wanazungumza bei ya samaki na vita vya Bujumbura. Nikisema "Swaleh", wanatazama sakafu.

Jumatano, 8 Mei
Simu. Monsieur Luc, mwenyekiti wa klabu ya mpira wa magongo. Kazaliwa Bukavu, baba yake alikuwa na mashamba ya kahawa huko. Kiswahili chake hunichekesha hata msibani. Jumapili ya tarehe 19 ni mechi ya mwisho ya msimu, na itakuwa ya Swaleh. Kabla ya mchezo wachezaji wa zamani na wa sasa watasimama waeleze walivyomjua. "Maman, kiti yako iko ya kwanza, mbele kabisa." Nikasema nitakuja. Nimesema kabla ya kufikiri. Furaha imenipanda kama homa.

Alhamisi, 9 Mei
Mama Asha kaja na mihogo kutoka mtaa wa Saint-Gilles. Mtu wa Bujumbura, kafiwa na waume wawili, eda anaijua kuliko mimi. Ndiye anayeninunulia vitu. Nikamweleza habari ya mechi. Akaweka mfuko chini.
"Dada, apana. Eda ni eda. Mupira si opitali."
Nimekasirika. Nimekasirika kwa sababu kasema kweli. Kaondoka bila kunywa chai.

Jumapili, 12 Mei
Upepo unatoka msituni. Uwanja wa klabu uko huko ukingoni, na kelele zake zinafika hadi jikoni kwangu. Firimbi. Mtu anapiga kelele kama anaibiwa.

Swaleh alikuja kutoka Mombasa kijana, winga wa kushoto, mwembamba, mwenye maringo. Klabu ilimwita acheze na awafundishe wadogo, ikamlipa. Wenzake wa Kibelgiji walikuwa hawalipwi, wengine wakamnunia mwaka mzima. Akawafungia mabao, wakanyamaza. Alicheza hadi magoti yakagoma. Akastaafu, na bado kila Jumamosi akaenda kupaka chokaa mistari ya uwanja, maana hakumwamini mtu. Akishindwa, hali kitu. Akishinda anakula chakula chake na changu. Mimi Jumapili zote nilisimama pembeni nikikata machungwa ya mapumziko, nikiyatia chumvi na pilipili kama kwetu. Mwaka wa kwanza wazungu wale walitokwa na machozi. Mwaka wa pili wakayadai.

Lakini mimi nilimwona kutoka nje ya mstari. Mle ndani, katika chumba cha kubadilishia nguo, upande wa pili wa uwanja, sijui alikuwa nani. Hao wachezaji wanajua. Watayasema yote, nami sitayasikia.

Jumanne, 14 Mei
Nimempigia sheikhe. Kasema mwenye eda hutoka kwa haja. Je, hii ni haja? Akaniachia swali mwenyewe. Sheikhe mjanja.

Mchana nikavaa koti kubwa la Swaleh, nikavaa na viatu. Nikasema Jumapili nitasimama nyuma ya miti, nani atanijua? Nikashuka hadi chini, kujaribu tu. Mkono uko kwenye kitasa. Nikarudi juu. Eda hii sikai kwa ajili ya Mama Asha. Ndicho kitu cha mwisho ninachoweza kumfanyia Swaleh.

Ijumaa, 17 Mei
Nimemwambia Luc siji. Nikamweleza: mjane wa kwetu hatoki, na wanaume wa kando hawamwoni, mpaka muda wake uishe. Akajibu, "Bon. Nimesikia, maman." Sikujua kasikia nini.

Mama Asha anasema watanisimulia. Kusimuliwa si kusikia. Asiyekuwepo na lake halipo. Nimelia, nikagombana na sufuria.

Jumapili, 19 Mei
Asubuhi nimefunga madirisha nisisikie. Nikayafungua. Makelele, kisha kimya kirefu. Nikajua wanamzungumzia. Nikazunguka meza kama punda wa kinu.

Jioni, miguu kwenye ngazi. Miguu mingi. Nikadhani kuna moto. Kisha sauti ya Luc nyuma ya mlango:
"Maman, fungula mulango kidogo tu. Hakuna mwanaume atakuona. Bote banageuka."

Nikajitanda, nikafungua kwa upana wa kiganja. Migongo. Ngazi nzima imejaa migongo, tangu mlangoni kwangu hadi chini, wako na sare, soksi zimelowa tope, kila mmoja kautazama ukuta. Luc mwenyewe pua yake imegusa mita ya umeme. Nilisema wasinione, basi wamekata shauri wasitazame. Mtu wa Pwani angeleta pazia. Hawa wameleta visogo.

Wakaanza kusema, mmoja mmoja, wakiuambia ukuta. Kipa wa zamani: siku aliyofungwa mabao mengi alijificha bafuni, Swaleh akaja akaketi naye chini ya maji na nguo zake zote. Mchezaji mwingine, daktari wa meno: Swaleh alimzaba kofi kwa kumtukana mpinzani, kisha akamrudisha nyumbani kwa gari. Kisha mmoja akasema: na tena alikuwa akituimbia. Swaleh? Kuimba? Kwangu hakuimba hata siku moja. Alisema si kazi ya mwanamume.

Wakauimba. Wimbo wa kabla ya mechi, wameurithishana miaka yote bila kujua maana yake. Kiswahili kimevunjika viungo, lakini nimekielewa. Kaubuni Swaleh mwenyewe. Mume anamsihi mkewe Khadija, ndiye mimi, asinune, leo atawahi kurudi.

Mwongo mkubwa. Hakuwahi kurudi mapema.

Luc hakuwahi kucheza, wala kuingia chumba kile cha kubadilishia nguo. Kausikia leo mara ya kwanza, na ndiye pekee kati yao aliyeelewa maneno, akaanza kutikisika kwa kicheko mbele ya mita. Mimi nikacheka hadi nikakaa chini, nikalia humo humo. Wakakatiza wimbo. Hawakujua ni kicheko au kilio. Hakuna aliyegeuka.

Jumatatu, 20 Mei
Nimelala usiku kucha. Nimefagia tope la ngazi, hadi chini.

Mama Asha kaja. Jirani kamwambia yote. Kaniuliza kama ile ilikuwa halali. Nikamwambia amuulize sheikhe. Akavua viatu, akaketi, akatazama mikono yake kidogo.
"Alikuwa muntu wa namna gani, Swaleh?"

Nikaanza. Chai ikapoa, tukachemsha nyingine.