Freni Inaomba Watu Wawili

Mama Kavira, bibi yangu wa ndoa,

Nakusalimia weye na watoto. Hapa Bunia mvua inanyesha, na mutaa yetu ya Bigo karibu yote imekimbia masasi ya bunduki. Mwenye ile gari ndogo ya Waingereza, ya zamani, isiyo na paa, alikimbilia Boga, akaomba nitengeneze freni nimufuate nayo. Upepo iliingia mu freni, gari ikakataa kusimama, pedali ilikuwa inazama mpaka chini. Unajua kutoa upepo ni kazi ya watu wawili: moja anakanyaga pedali, mwengine yuko chini anafungua. Leo, chini ya gari, nilijisahau, nikaita: «Kanyaga!», kama vile weye uko mu kiti, sawa siku zote. Nikaita tena.

Mama moja aliyekuwa anakimbia na godoro ku kichwa akasimama.

«Papa, unasemesha nani?»

«Bibi yangu. Iko Butembo.»

Akatua godoro, akaingia mu gari, akakanyaga mpaka upepo yote ikatoka. Nikamuambia angoje, twende pamoja. Akasema watoto wake wako mbele, akabeba godoro yake.

Sasa freni inashika. Kesho nashuka Boga peke yangu. Siku nitafika kwetu, nitaita ku mulango: «Kanyaga!» Weye itika tu, hata mikono ikiwa na unga ya bugali.

Papa Kavira