Hesabu Yako Imemsahau Bi Mdogo

Chumba cha kushonea,
Ghorofani, nyumba ya kona,
S.L.P. 418.
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Nakusalimu kwanza, ndipo nikugombeze. Hujambo huko uliko? Mgongo wako je, bado unakusumbua ukipanda ngazi, wewe ambaye kazi yako ni kuwatengenezea watu lifti wasipande ngazi? Wifi yangu presha yake imetulia? Na wale wanangu wawili, bado wanagombania kiti cha dirishani? Waambie shangazi yao anauliza, na anataka jibu la maandishi.

Sisi hatujambo. Goti la shemeji yako linaendelea kutabiri mvua na kukosea. Mimi ni macho ndiyo yameanza kunikimbia. Kutunga uzi kwenye sindano sasa ni kazi ya mpwa wako akirudi kutoka posta, kwa hiyo usishangae mwandiko ukipanda na kushuka.

Barua yako ilifika Jumanne. Niliisoma mara mbili nimekaa na mara ya tatu nimesimama. Unasema mwisho wa mwezi ujao unaacha kazi ya lifti ili ufuge mbwa wa nasaba, uwazalishe na kuwapeleka kwenye maonyesho, na kwamba utaanza na wale majike wawili niliokuahidi. Sikatai, niliahidi. Niliandika kwa mkono huu huu mwaka jana, kichwa kimevimba kwa sababu ya kikombe tulichoshinda: majike wawili wa kwanza wa uzao ujao ni wako.

Ile karatasi ya hesabu uliyoambatanisha nimeisoma pia. Watoto wanane, mara mbili kwa mwaka, ukazidisha kwa bei. Hesabu ulikuwa hodari tangu utotoni na sikukosoi. Ila kwenye karatasi nzima sikumwona mama yao. Watoto wanatoka tu, kama mikate. Basi leo nakuandikia habari za huyo mama, na nakuomba usiruke mistari.

Bi Mdogo unamjua kwa picha tu. Jina lake la kwenye cheti ni refu mno kulitamka mtu akiwa na haraka, na cheti hicho kinawataja babu na bibi zake mpaka kizazi cha tano, wakati mimi na wewe tukimfikia baba yake babu tunaanza kubahatisha. Ni buldogi, uso bapa, kifua kipana, miguu mifupi, na anakoroma hata akiwa macho. Shemeji yako alimleta miaka sita iliyopita ndani ya boksi la redio, akaanza kumchemshia maini kwa mkono wake, yeye ambaye mpaka leo hajui sufuria zangu zinakaa wapi. Nikasema haya, uzeeni nimeletewa mke mwenza. Jina likabaki hilo.

Mwanzoni nilimwonea wivu, nakiri. Kisha akaanza kuja kulala juu ya miguu yangu nikishona, uzito wake wote, na nikihamisha mguu kukanyaga cherehani anahama nao. Mtu hawezi kumchukia mke mwenza wa namna hiyo.

Kisa cha meno nilikusimulia kwa simu, lakini laini ilikuwa inakatika na najua hukusikia mwisho wake. Kwenye maonyesho ya kwanza, kwa sababu ya lile goti, mimi ndiye niliyemwingiza Bi Mdogo uwanjani. Shemeji yako alikuwa amenihubiria wiki nzima: simama wima, usimvute kamba, mchangamkie mwamuzi. Mwamuzi alikuwa mama mwembamba mwenye miwani, hana mzaha. Akatufikia, akainama kidogo, akasema, "Meno."

Nikamtabasamia, mdogo wangu. Nikatabasamu mpaka magego yakaonekana.

Yule mama akanitazama, akavua miwani, akaivaa tena. "Ya kwako mazuri, mama," akasema. "Sasa nionyeshe ya mbwa."

Watu walivunjika mbavu. Tukatoka wa mwisho. Tulipofika nyumbani shemeji yako akaketi sakafuni na vipande vya maini, akaanza kumfundisha Bi Mdogo amri ya meno. Ilimchukua miezi miwili. Ukisema "meno" tu, mwenyewe anainua mdomo wa juu, anakuonyesha meno na fizi zote, anangoja ini lake. Hapa nyumbani likawa ndilo neno letu. Mpwa wako akirudi amenuna, baba yake anamwambia, "Meno," naye anacheka hata kama hataki.

Baada ya hapo tukaanza kushinda, na hapo ndipo gharama zenyewe zilipoanza. Sisemi za ada na safari na sabuni maalumu, hizo utaziona mwenyewe. Cherehani yangu ya pili niliiuza na sikuitamani tena. Nasema za Bi Mdogo. Alikuwa anapenda mchezo mmoja tu duniani, kukimbiza ndala ya shemeji yako uani. Tukamkataza, asije akapata kovu. Asikae juani, manyoya yasipauke. Asinenepe, asikonde. Nilikuwa nakata nguo dirishani namwona kakaa kivulini anaitazama ile ndala, na nikajifanya sioni.

Na gharama ya mpwa wako. Siku ya mahafali yake ilikuwa siku ya maonyesho makubwa. Alisema nendeni tu, msijali, na sisi watu wazima wawili tukaamini kwamba hajali. Tulirudi na kikombe, ndicho kile nilichokuandikia kwa majivuno. Kikombe kiko kabatini. Picha ya mahafali iko ukutani, amesimama na mama wa rafiki yake. Nikipita naiangalia na inaniuma, kwa sababu siku ile hairudi hata ningeshinda vikombe vya kujaza nyumba.

Ukishapata kikombe, kila mtu anakuuliza watoto lini. Tukampandisha kwa dume maarufu kuliko wote. Tulitazama vikombe vyake, hatukutazama nyonga zake, nazo nyonga mbovu hurithiwa. Hatukuomba hata ile picha ya eksirei ambayo mfugaji makini huiomba kabla ya yote. Wakazaliwa watano, wote madume, kwa upasuaji. Mwaka haujaisha, akaja mpishi wa shule aliyenunua mmoja wao. Hakuja kugomba. Alikuja kuuliza kwa upole kwa nini mbwa wake hawezi kupanda ngazi tatu za mlangoni. Shemeji yako alimrudishia pesa zake papo hapo, akamwomba amwache mbwa. Yule mama akakataa kumwacha, akasema keshamzoea, akambeba mikononi akaondoka naye. Sikuwahi kuona aibu ya namna ile mbele ya mtu asiyenitukana.

Ungedhani tulikoma. Wapi. Tulisema safari hii tutachagua vizuri, na tukachagua vizuri kweli, nyonga tukapima, karatasi zote zikawa safi. Tena tulikuwa na ahadi yako ya kutimiza.

Daktari wa mifugo alitueleza mapema. Alisema hawa mbwa watu waliwapendea vichwa vikubwa, wakachagua vichwa vikubwa kizazi baada ya kizazi, sasa kichwa cha mtoto hakipiti kwenye nyonga za mama. Wengi wao hawazai, wanapasuliwa. Nilitikisa kichwa kama ninavyomtikisia mteja anayenieleza mshono ninaoujua. Nilidhani nimeelewa.

Wiki tano zilizopita alipasuliwa mara ya pili. Watoto watatu, si wanane. Mmoja alitoka amekufa. Wa pili nilimsugua kwa taulo karibu nusu saa, akavuta pumzi nne, nilizihesabu, akaacha. Wa tatu alilia. Tukarudi nao nyumbani, tukawaweka kwenye chumba anachotengenezea redio shemeji yako, chenye joto, na daktari akatuambia mama atachoka siku mbili tatu, aachwe apumzike.

Kwa hiyo kesho yake alipolala tu, tulimwacha apumzike. Hakunywa maji, tukasema uchovu. Hakumlamba mtoto, tukasema uchovu. Ilikuwa kama saa nne asubuhi, nimeshika suruali ya mteja mkononi, nikapita kumchungulia. Alinitazama bila kuinua kichwa. Nikataka kumchangamsha tu, sikuwa na wazo lolote. Nikasema, "Bi Mdogo, meno."

Akainua mdomo. Mdogo wangu, hakuwa na nguvu ya kunyanyua shingo, lakini alisikia neno lake, akainua mdomo kama alivyofundishwa, akangoja. Fizi zake zilikuwa nyeupe kama chaki yangu ya kukatia. Zilizokuwa nyekundu siku zote zilikuwa nyeupe.

Damu ilikuwa inavuja ndani tangu jana yake. Tulimfikisha kwa daktari kwa gari la jirani, mimi nimempakata, suruali ya mteja imefika huko nayo sijui ilifikaje. Daktari akasema lazima amfungue tena na autoe mfuko wote wa uzazi, akamgeukia shemeji yako akingoja abishe, maana alikuwa anamjua na vikombe vyake. Shemeji yako alikuwa amekaa kwenye benchi, ameshika kamba isiyo na mbwa. Akasema, "Toa unachotaka kutoa, daktari. Mradi uniachie mwenyewe." Kisha akalia. Miaka thelathini na moja ya ndoa, ilikuwa mara ya pili kumwona analia, na ya kwanza ilikuwa msiba wa mama yake.

Unajua wazo lililokuwa kichwani mwangu pale kwenye benchi? Ile karatasi yako ilikuwa haijafika bado, lakini yangu ilikuwepo. Na mimi nilikuwa nimewahesabu wanane.

Amepona. Nakuandikia yuko juu ya miguu yangu, mzito hata ganzi imeniingia. Lakini hazai tena.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niisome barua yako nimesimama. Yule mtoto mmoja aliyelia ni jike. Shemeji yako alinishauri nikuambie wamekufa wote, tusije tukagombana. Nimekataa. Sijawahi kukudanganya tangu nilipokuambia sindano haiumi, na ile ulinikumbusha miaka kumi. Yuko hai, mzima, ana kichwa kikubwa hasa. Mfugaji yeyote angemlilia.

Na sikupi umzalishe. Ahadi yangu naivunja, tena kwa makusudi, nikiwa na akili zangu zote. Akifika umri, daktari atamfunga uzazi. Ukimtaka hivyo, mbwa wa kulala mlangoni na kukukoromea, njoo umchukue, ni wako, na hutanilipa hata senti. Ukimtaka awe mtaji, sina.

Najua utakasirika. Utanyamaza, kama ulivyonyamaza mwezi mzima nilipokufichia ile baiskeli isiyo na breki. Nyamaza, nitangoja. Lakini kazi ya lifti usiiache kwa sababu ya maneno niliyoandika mimi nikiwa na kiburi. Na kama ni lazima ufuge, basi anza kwa kwenda kumsaidia mfugaji mmoja wa huko siku jike wake anapopasuliwa. Shika taulo. Baada ya hapo nitumie hesabu nyingine, nitaisoma kwa heshima.

Mpwa wako anakusalimu sana, anasema mjomba akija alete ile chokoleti ya boksi jekundu. Ameanza kuchumbiwa na karani mwenzake wa posta, kijana mpole, na siku ya harusi nimeshaapa hakuna maonyesho yatakayoniondoa kwenye picha. Shemeji yako anakusalimu, anaona haya kidogo kwa ule ushauri wake, usimtanie. Nisalimie wifi yangu, wabusu wanangu. Mungu aulinde mgongo wako na awape usingizi mwema wote mlio chini ya paa lako.

Jana daktari alimkagua Bi Mdogo kwa mara ya mwisho. Tuliporudi, shemeji yako alivua ndala yake moja, akaitupa uani, akasimama na mguu mmoja peku akimngoja. Bi Mdogo aliitazama, akatutazama sisi, hakuamini. Ilibidi nimwambie mara tatu nenda. Aliirudisha imejaa mate, nikainama nikamwambia, "Meno." Akanionyesha. Nyekundu, mdogo wangu. Fizi zote nyekundu.

Wako akupendaye, hata anapokunyima,

Dada yako