Ndoo ya Chokoleti

Jumamosi, mtaani Ziwani. Baridi ya Agosti imetushika tangu asubuhi, na jua halijaonekana. Nimeshinda nikimtazama mwanangu akitema.

Wiki iliyopita watu wa matangazo walikuja kanisani kutafuta mtoto wa tangazo la televisheni la kuuza chokoleti yenye karameli ndani. Waliwapanga watoto wa shule ya Jumapili mstari mmoja, wakawageuza huku na huku kama nguo za mitumba, wakamchagua Mwende wangu, wa miaka sita, kwa sababu ya macho yake. Mtaa mzima ulijua kabla sijafika nyumbani. Mama Akinyi, jirani mwenye televisheni ya rangi, ameshatuahidi viti vya mbele.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kupiga picha, pale ukumbi wa mtaa. Tuliagizwa tusimpe Mwende chai wala mkate asubuhi. Nilidhani ni mambo ya meno, yasionekane machafu.

Basi kazi yenyewe ni hii. Mwende anauma chokoleti, anaivuta polepole mpaka ile karameli inyooke kama kamasi, anafumba macho, anatabasamu. Bwana wa kamera anasema irudiwe. Kabla haijarudiwa, msichana mmoja anampelekea ndoo mdomoni.

"Tema, mrembo. Usimeze."

Anauma, anatema. Anauma, anatema. Mate ya kahawia yanamchuruzika kidevuni, yanapanguswa, taa zinawashwa tena. Watoto wa mtaa walibanana madirishani, na walichokitazama zaidi ni ile ndoo.

Nilimwuliza yule bwana kwa nini mtoto asimeze hata kidogo. Alinijibu kwa upole kabisa, kama mtu anayenielekeza njia ya kwenda sokoni Kariokor.

"Akishiba macho yanalala, mathe. Sisi tunauza hayo macho."

Njaa ya mwanangu. Hiyo ndiyo wanayoiuza.

Na mimi nilibaki pale nimeshika sweta yake mpaka wakafunga vyombo vyao. Jioni walimwaga ile ndoo mtaroni, wakasema tuonane Jumatatu wamalizie. Ninawachukia, na ninajichukia kwa kuwaitikia kwa kichwa.

Nilimweleza Baba Mwende kwamba mtoto harudi huko. Alicheka.

"Wacha hizo, Mama Mwende. Ni siku moja tu imebaki, halafu mtoi anaonekana kwa TV. Unajua ni wangapi wanatafuta hiyo nafasi?"

Sikuwa na nguvu za kubishana. Nikapakua ugali na sukuma wiki. Mwende akaombea chakula kama kawaida, akakata tonge, akaanza kutafuna. Mara akaacha. Mashavu yamejaa, macho yananitazama mimi, kisha yanazunguka chumba kama anayetafuta kitu.

"Mum, hii nimeze?"

Baba yake aliweka tonge lake chini.

"Meza, mama," nikamwambia. "Meza yote."

Mwende amelala sasa. Kesho ni Jumapili, tutaenda kanisani kama watu wengine. Jumatatu gari la watu wa matangazo likija litamkuta mezani, na chai ya maziwa, na mkate uliopakwa siagi mpaka kwenye kingo. Wakitaka kusubiri, wasubiri. Akimaliza nitamwongezea.