Nilivyomsaili Mwajiri Wangu

Dawati, jirani yangu wa darasani, uko wapi? Soma haya peke yako. Nimemfanyia usaili mwajiri wangu!

Leo nilikwenda uwanjani kuomba kazi ya kuhudumia wageni wa mashindano. Unajua tangu nistaafu, nyumbani wananiita mlinzi wa redio, maana nashinda kando yake. Nikavaa suti na tai, cheti chetu cha shule ya usiku nimekikumbatia. Nikakuta chumba kitupu, meza na kiti kimoja. Magoti yangu unayajua. Nikakaa.

Waombaji wenzangu wakaingia. "Shikamoo mzee, usaili ni hapa?" Marahaba, ni hapa. Haki ya Mungu sikusema uongo! Wakaniwekea vyeti mezani. Ningefanyaje? Nikavisoma.

Watatu niliwahoji, Dawati. Mmoja nilimrudisha akachomekee shati.

Kisha akaingia mama mmoja anahema, funguo mkononi. Nikamwonyesha saa ya ukutani. "Binti yangu, umechelewa dakika ishirini. Wageni hawangoji. Nenda nyumbani."

Akageuka kwenda! Naapa, akageuka kwenda! Alipofika mlangoni akasita. "Samahani baba, wewe ni nani?"

"Mwombaji."

"Mimi ndiye ninayeajiri."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikampisha kiti, nikaanza kukusanya karatasi zangu.

"Yule wa shati niliyepishana naye nje, ulimrudisha kweli?"

"Kweli."

"Na mimi nusura niende."

Nikaendelea kukusanya karatasi.

Jumatatu naanza. Lango kuu, kuwarudisha wasio na tiketi.

Shemeji yako nimemwambia ni kwa sababu ya cheti. Usiniharibie.